Sahani Isiyokwapuliwa

Ulyankulu, Kaliua
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mdogo wangu Egidi, wa tumbo moja na mimi,

Tumsifu Yesu Kristo. Na marahaba, maana najua ukiuona tu mwandiko wangu mdomo umeshaanza kusema shikamoo dada. Nimeipokea kabla hujaituma.

Hali yako, mdogo wangu? Jenifa mkeo, mgongo umemwachia? Mwambie asiiname kwenye matuta kama msichana, umri hauoni haya kumuumbua mtu. Tumbaku imetoka salama kwenye bani la kukaushia, au bado mnapanga madaraja? Na yule jogoo wako mwekundu, anayewika mpaka Urambo nzima inaamka kwa hasira, mzima? Nimemuulizia kwa makusudi. Utaona mbele.

Sisi huku ni wazima. Shemeji yako anakusalimu, anasema hajakusahau, na kofia yake uliyoondoka nayo Krismasi hajaisahau pia. Mahindi tumevuna, maharage tunayo mpaka tunagawa. Wageni wakila maharage yangu wananyamaza. Mtu hanyamazi kwenye chakula kibaya.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua kama watu wa zamani wakati simu unayo. Kwanza, kwenye simu wewe hujibu neno moja, "sawa", hata nikikwambia ng'ombe amezaa mapacha. Pili, jambo lenyewe ni refu na ni tamu, na kitu kitamu hakimezwi haraka. Tena nataka uisome kwa sauti mbele ya Jenifa na majirani, wajue ulizaliwa pamoja na dada wa namna gani. Nimempa Plasidi, huyu jirani yetu anayepeleka mpunga huko kwenu, na nimemwambia akikunja karatasi zangu nitamkunja yeye.

Sasa. Ulituma neno kwamba kile chumba cha nyuma umeshakiezeka, kitanda umeingiza, na unauliza Prosperi anakuja lini akae nawe alime tumbaku, maana mjini kumemshinda nini sijui. Jibu lako limo humu ndani. Lakini usiruke mistari. Nakujua.

Wewe unajua mpwa wako alivyopoteza masikio. Alikuwa darasa la pili, ikaja ile homa ya uti wa mgongo, tukakesha, tukasali, asubuhi moja homa ikaondoka na ikayachukua masikio kama mgeni anayeondoka na blanketi. Tangu hapo mimi niliyeishia darasa la nne ilibidi nisome upya. Kumwambia tu "funga mbuzi" lazima niandike: mchangani kwa kijiti, kwenye gunia kwa mkaa, kiganjani mwake kwa kidole. Mtoto ananisahihisha herufi, mimi namfinya, tunaendelea. Wanawake wenzangu wa rika langu siku hizi hata majina yao wanayaandika kwa kubahatisha, mimi naandika kurasa kama karani wa mahakama. Nasema bila kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Alipomaliza shule ya viziwi pale Tabora, akapata kazi kwenye kiwanda cha asali Kanyenye, nyuma ya maduka ya vitambaa. Mwenye kiwanda ni mama mmoja anaitwa Bi Zamda, mzaliwa wa mjini hapo hapo, Mwislamu safi, mwenye moyo mweupe na jicho kali. Asali inaletwa kwa ndoo kutoka misituni, wanaichuja, wanaijaza kwenye chupa, wanabandika lebo, inakwenda mpaka Dodoma na Dar es Salaam. Nta wanayeyushia uani. Prosperi yuko kwenye kuchuja. Kwa hiyo ukimwona mheshimiwa yeyote huko mjini anapaka asali kwenye mkate, jua imepita mikononi mwa mwanangu kwanza.

Huyu Bi Zamda alikuwa amehudhuria semina ya mambo ya kuajiri watu wa kila namna: wenye ulemavu, wanawake, watu wa kila kabila na kila dini, na jinsi ya kukaa nao kazini. Si mtu wa kwenda semina kunywa soda akarudi. Kabla Prosperi hajaanza, alifunga taa nyekundu ukutani inayowaka kengele ya chai inapolia, ili mtoto asibaki akichuja peke yake. Aliamuru anayetaka kusema naye amgeukie uso, asiseme akiwa ameinama kwenye ndoo. Alinunua ubao mdogo na chaki. Akamleta mwalimu wa lugha ya alama akawafundisha wafanyakazi wote mchana mzima: karibu, asante, pole, samahani, tafadhali, umeamkaje. Mwisho akabandika karatasi ya sheria ukutani, ya kumheshimu mwenzetu, na sheria ya chini kabisa aliiandika kwa herufi kubwa: HAKUNA KUMTANIA.

Egidi, niliposikia hayo nilitaka kutembea kwa magoti mpaka Kanyenye. Nilisimama kwenye jumuiya yetu nikauliza, kwa unyenyekevu kabisa, ni nani mwingine hapa ambaye kiwanda kimefungiwa taa kwa ajili ya mtoto wake. Vestina alinuna mpaka sala ya mwisho. Nikasema mwanangu wanamheshimu kama askofu aliyekuja kutoa kipaimara.

Basi niliendelea kutamba, kumbe mwanangu anakonda.

Alipokuja nyumbani Pasaka, shati lilikuwa linamning'inia. Nikampikia, akala kama mtu anayelipa deni. Akarudi mjini, meseji zikaanza kuwa fupi kama zako. Halafu siku moja akaniandikia: Mama, mwambie mjomba aniwekee chumba. Ndiyo siku niliyokutumia lile neno, nawe ukakimbilia kununua bati, Mungu akubariki. Miezi yake ya majaribio ilikuwa inaisha. Mwisho wa mwezi Bi Zamda alitaka jibu, anabaki moja kwa moja au anaondoka, ili ajue kama amtafute mtu mwingine.

Nikamuuliza kwa meseji, wanakupiga? Akajibu hapana. Wanakunyima chai? Hapana. Wanakucheka? Akaandika: Hapana. Ndiyo shida yenyewe.

Sikuelewa. Nikamwandikia afafanue kama mtu mzima. Akajibu: Mama, hapa wanakwapuliana chakula wote. Mimi hawanikwapulii.

Nikamwonyesha baba yake, akasema mtoto ana malaria. Mimi nikasema hapana, kuna jambo. Nikavaa kile kitenge changu cha Pasaka, nikapika sombe, kisamvu chetu, kwa mawese na dagaa wa Kigoma, nikafunga sufuria kwa kanga, nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia huyo Bi Zamda. Mengine yalikuwa makali mpaka niliyatubu kabla sijayasema.

Nimefika, mlinzi ananiuliza anitangaze kwa jina gani. Nikamwambia sema amefika mama yake Prosperi, watajua. Na kweli walijua! Bi Zamda alitoka mwenyewe, mkono wa kwanza shikamoo, mkono wa pili kiti. Wengine wakaja wakanisalimia, huku wakimpa Prosperi zile alama zao: karibu, asante, karibu. Mtoto naye anawajibu, asante, asante, kama watu waliokutana kwenye kikao cha harusi wasiojuana. Nikatafuta ubaya, sikuuona. Nikaambiwa nisubiri, muda wa chakula umekaribia.

Hapo sasa, Egidi, vuta kiti.

Kuna kijana mmoja hapo anaitwa Masolwa, Msukuma wa Choma kule Igunga. Jitu, nakwambia. Anabeba ndoo mbili za asali kama wewe unavyobeba hiyo kofia ya shemeji yako. Na kuna dada mmoja anaitwa Magreth, Mgogo wa Dodoma, yeye ni wa kubandika lebo, kimwili ni kama kijiti cha kiberiti na akiwaka ni moto huo huo. Wewe umekaa na Wanyamwezi na Wasukuma maisha yako yote, unajua wao na Wagogo ni watani tangu zamani za misafara, babu zao walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anachukua chako mbele ya macho yako, na ukinuna umeshindwa.

Taa nyekundu ikawaka, wakakaa kwenye mkeka uani, kila mtu na chakula chake. Kabla Magreth hajamaliza ishara ya msalaba, nyama yake ilikuwa imeshaingia mdomoni mwa Masolwa. Magreth akapiga yowe, akasema tumbo la Msukuma ni kama josho, kila ng'ombe anapita na bado lina nafasi. Masolwa akamjibu huku anatafuna kwamba babu zake waliuziwa maji ya kisima kule Ugogo kwa bei ya dhahabu, hiyo nyama ni chenji yao, na bado inadaiwa. Magreth akamnyang'anya kiatu kimoja akakikalia. Kuna Julieth, Mnyamwezi wa Ntalikwa, alikuwa amefukia yai chini ya wali, wakalifukua. Hata Bi Zamda mwenyewe, tajiri wao, aligeuka kuita mlinzi, akarudi akakuta chapati imebaki nusu, na kila mtu anaangalia angani kama anatafuta mvua. Akasema wezi wakubwa nyie, mtakufa na njaa siku nikiwafukuza. Wakamwambia ukitufukuza utakula na nani?

Na katikati ya vurugu yote hiyo, sahani ya Prosperi. Imeletwa kwanza. Imefunikwa. Kijiko kimekunjwa ndani ya karatasi nyeupe. Wenzake wote wamekaa kwenye mkeka, yeye kawekewa kiti chenye mto. Kila anayepita anamwonyesha alama, karibu chakula, halafu anamgeuzia mgongo anakwenda kuiba kwa mwingine. Na mle sahanini mlikuwa na samaki, Egidi! Samaki mzima, kichwa na mkia, hakuna aliyemtazama hata mara moja. Mwanangu amekaa pale juu kama mkaguzi wa shule, anakula samaki wake mzima kwa adabu, macho yako kwenye mkeka.

Yale maneno yangu makali yote nikayakosa. Nani wa kumgombeza? Hawa watu hawakumfanyia ubaya wowote. Walimheshimu mpaka wakamtoa nje.

Lakini mimi si mtu wa kunyamaza, unanijua. Nikamuuliza Masolwa, kwa upole, mwanangu, kwa nini huyu mwenzenu humkwapulii? Jitu lile likaona haya, likashika kichwa. Akasema mama, kwanza sheria ile pale ukutani. Pili, tungemtania kwa njia gani? Mgogo namjua, Mzaramo namjua, lakini Mrundi wa Ulyankulu mtani wake nani? Hatujui, tusije tukavuka mpaka. Na kubwa kuliko hayo, mama, nikimtukana Magreth ananisikia, ananirudishia. Huyu nikimtukana hasikii, wenzake wakacheka, hapo sijamtania, nimemsengenya mbele ya uso wake. Siwezi.

Nikamtazama upya. Kijana huyo ana mama aliyemlea, na nitampelekea maharage. Bi Zamda naye akasema kwa sauti ndogo kwamba aliiandika ile sheria kwa sababu aliogopa mtoto ataumizwa, na sasa hajui aifanyeje.

Nikawaambia la mtani wala lisiwasumbue. Sisi pia tulikuja kwa njia. Mwaka wa sabini na mbili tulivuka kutoka Burundi kwa miguu, mimi binti mdogo, na mdogo wangu nimemfunga mgongoni, yaani wewe, ukilia njia nzima na kunikojolea. Watu wa nchi hii wakatupa maji. Babu zenu walipita kwa watu wakapewa maji wakawa watani, na sisi je? Aliyekunywa maji ya njia hii ana mtani kila kituo. Magreth akapiga makofi, akasema huyu mama ni wa upande wangu. Lakini la masikio sikuwa na jibu lake.

Prosperi alikuwa anatutazama midomo, huyu kisha huyu, anaokota neno hapa na neno pale. Alijua tunamzungumza yeye. Nikamshika mkono, nikamwandikia kiganjani kwa kidole kama zamani: MIKONO UNAYO.

Akanitazama. Akautazama mkeka. Akaweka kijiko chini, akashuka kwenye kile kiti cha mto, akaenda polepole mpaka kwa Masolwa, akainama, akachukua paja la kuku. Si kipande, Egidi, paja lote, lile ambalo Masolwa alikuwa anakula ugali kulizunguka, akilihifadhi liwe la mwisho. Akasimama nalo pale pale, akaling'ata, akimtazama usoni.

Nikasema kimoyomoyo Bikira Maria, hili jitu likinuna, mwanangu leo leo anafungasha.

Masolwa akainuka. Alipomaliza kuinuka kivuli chake kilikuwa kimemfunika mtoto. Uso ameukunja kama mbuyu, kifua kimejaa, kidole kimenyooka, anatafuta tusi. Na akakumbuka kwamba kwa mdomo halitafika, lazima alitoe kwa mikono. Sasa kwa mikono anajua nini? Anajua yale ya semina! Basi akamnyooshea Prosperi mikono kwa hasira ya simba, akamtukana: KARIBU! ASANTE! Akatetemeka, akatafuta lingine baya zaidi: POLE SANA! TAFADHALI! UMEAMKAJE!

Egidi, mdogo wangu, watu walianguka. Magreth alikiachia kiatu alichokikalia akagaagaa kwenye mkeka. Bi Zamda alishika nguzo, miwani ikadondoka. Mlinzi aliacha geti. Na katikati ya kelele hizo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ule mwaka wa homa. Prosperi alicheka. Unajua yeye huwa anacheka kwa kufunika mdomo, bila sauti, kwa sababu watoto wa shule walimwambia sauti yake inatisha. Siku ile aliachia. Kicheko kikubwa, kinapanda na kushuka, kama debe linabingirika mlimani. Hakikutisha hata kidogo. Kilikuwa cha babu yetu mtupu, mzee aliyekuwa akicheka mpaka kuku wanaruka.

Tangu hapo ikawa shule. Prosperi aliacha hata samaki wake akaanza kuwafundisha matusi, na nyuma ya mgongo wake samaki alikwapuliwa, kichwa alichukua Julieth, mkia sijui nani. Nilimgusa bega nikamwonyesha sahani tupu. Uso wake uliwaka kama amepewa cheti.

Akampa kila mtu jina la mkono. Masolwa ni mkono unaochora tumbo kubwa. Magreth ni kiberiti kinachowashwa. Bi Zamda ni vidole viwili vinavyorudisha miwani juu ya pua, na kila wakimwita hivyo miwani inashuka kweli. Mimi pia nilipewa jina, ni mtu anayejipigapiga kifua. Sijui maana yake, lakini nadhani ni heshima.

Bi Zamda akachukua kalamu akaenda ukutani. Ile karatasi hakuichana, na alifanya vema, maana taa tunaitaka na kugeukiwa uso tunakutaka. Alifuta maneno ya chini tu, akaandika mengine: KUTANIANA KWA MIKONO, ILI WOTE WASIKIE. Na hapo ndipo nilipoona kwamba jibu la masikio lilikuwepo, tulikuwa tumesimama upande usio wake. Tulikuwa tunauliza yeye atatusikiaje, hatukuuliza sisi tutasemaje. Siku hizi, Prosperi ananiambia, hata mashine ikiunguruma watu hawapigi kelele tena, wanatukanana kwa mikono kutoka mwisho wa kiwanda mpaka mwisho, na kazi inakwenda. Magreth anasema tangu azaliwe hajawahi kumtukana Msukuma huku amejaza ugali mdomoni, ni maendeleo makubwa.

Sombe yangu? Waliimaliza kabla sijaifungua vizuri. Masolwa alilamba mwiko. Sikushangaa.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Bi Zamda akamuuliza rasmi mbele ya wote, unabaki au unaondoka? Mwanangu akachukua ule ubao wake na chaki, akaandika: Nabaki. Masolwa bado ana paja la pili.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo, mdogo wangu. Prosperi hatakuja kuishi huko. Najua umetumia bati lako na jasho lako, nami nakushukuru kwa kilio na kicheko. Usikibomoe chumba. Kina kazi, na ndiyo maana nimekuandikia barua badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatia.

Nina la kukiri.

Jumamosi hii gari la kiwanda linakuja Urambo kuchukua asali kwa warina asali wa huko. Wanakuja wote, hata Bi Zamda, na watalala kwako. Chumba kitawatosha wanawake, wanaume watalala kwenye bani. Sasa Masolwa aliniuliza, mama, utani ni kwenda na kurudi, sisi tumeshakwapuliwa, je, kwenye ukoo wenu nasi tukakwapue wapi? Nikafikiri. Nikamtaja mdogo wangu Egidi. Nikaeleza habari za jogoo mwekundu. Nilieleza vizuri, Egidi, si unajua nina kipaji. Prosperi akamchora ubaoni na upanga wake wote wa kichwani, na Magreth ameshasema yeye ni wa shingo.

Hawataomba. Watashuka, watakusalimia kwa adabu, shikamoo nyingi, na ukigeuka kuita maji jogoo hayupo. Usinune, ukinuna utatozwa hata jike lake. Wala usimfiche kwa jirani, wala kwenye tanuri, wala nyuma ya magunia, kwa sababu kiongozi wa msafara ni mpwa wako mwenyewe, na maficho yako yote anayajua tangu akiwa mdogo.

Ninakuomba jambo moja tu. Wewe ni mjomba wake. Mjomba na mpwa ni watani katika kila nyumba ya nchi hii, isipokuwa yetu. Tulimbeba kama yai, mimi nikitangulia. Ulimnunulia viatu, ulimjengea chumba, lakini kumtukana hujawahi. Basi Jumamosi atakapokuwa anakimbilia garini na jogoo wako kwapani, usipige kelele, haisaidii. Mkimbilie mbele, msimame uso kwa uso. Kunja uso kama ulivyoukunja siku ile nilipokunyima muwa. Halafu chomeka ngumi moja kwapani na uitikise kiwiko kama bawa, mara mbili. Hiyo wameitunga wenyewe pale kazini. Maana yake ni mwizi wa kuku usiye na haya.

Ifanyie mazoezi mbele ya Jenifa. Atakusikia vizuri sana.

Wasalimie watoto na majirani wote waliokuwa wanasikiliza hapo mlangoni, waingie tu. Shemeji yako anasema kofia ije na gari likirudi. Mungu akulinde, akulindie na mavuno, yule jogoo sijamweka kwenye sala.

Ni mimi dada yako akupendaye, mama yake Prosperi wa kiwanda cha asali,

Marsiana

Jenifa wifi yangu, ukimaliza kusikia barua hii usimwambie mumeo, lakini Jumamosi tangu asubuhi weka maji ya moto jikoni. Ya kunyonyolea.